Padre Mchora Mabonde: Alexandre Le Roy na Picha za Milima Yetu

Katika kamusi za Kiswahili zilizoandikwa karne ya kumi na tisa, kitenzi kuchora kiko karibu zaidi na patasi kuliko kalamu. Kuchora ni kukata mstari juu ya kitu kigumu, kama afanyavyo fundi wa milango ya Mji Mkongwe anapotia nakshi kwenye miimo na kizingiti cha juu. Kuchora kwa wino, au kwa kalamu ya risasi, ni tawi la shina hilohilo. Nimeanza na kitenzi hiki kwa sababu mtu ninayekusudia kumweleza alikuwa mchoraji wa kalamu, lakini picha zake zilifika kwa watu kwa msaada wa wachoraji wa patasi. Naye alikuwa padre.

Jina lake ni Alexandre Le Roy. Alizaliwa mwaka 1854 huko Normandie, kaskazini ya Ufaransa, akaingia Shirika la Roho Mtakatifu, na mwaka 1881 akafika pwani yetu. Alikaa upande huu wa Afrika hadi 1892. Katika miaka hiyo kumi na mmoja alitembea kwa miguu kutoka Bagamoyo hadi milima ya bara, akachora alichokiona: mito, nyumba, sura za watu, vyombo, mimea, na zaidi ya yote milima na mabonde yake. Wasomaji wengi wa Kiswahili hawajapata kulisikia jina lake, ingawa baadhi yao huenda wameona picha iliyotoka mkononi mwake bila ya kuambiwa ni ya nani.

Misheni aliyoifikia haikuwa changa. Mapadre wa kwanza wa Kikatoliki wa zama hizo walitia nanga Unguja mwaka 1860, wakitoka kisiwa cha Réunion pamoja na Padre Armand Fava. Mwaka 1863 kazi ilikabidhiwa Shirika la Roho Mtakatifu, chini ya Padre Antoine Horner, na mwaka 1868 wakavuka bahari kufungua kituo cha Bagamoyo. Kanisa kubwa la minara miwili tunaloliona leo Mji Mkongwe lilijengwa katika miaka ya 1890, wakati Le Roy alipokuwa ameshaondoka. Unguja aliyoijua yeye ilikuwa na misheni ndani ya mji wa mawe, na nyuma ya mji, ng'ambo ya kijito cha maji ya chumvi, kulikuwa na mtaa wetu.

Hapa naomba ruhusa ya mkazi wa Ng'ambo kuusemea mtaa wake. Jina lenyewe linategemea mahali aliposimama msemaji. Aliyekaa Shangani aliona ng'ambo ni huku kwetu, kwenye vibanda vya udongo na makuti. Aliyekaa huku kwetu aliona ng'ambo ni bara, kule yanakotoka majina ya ukoo wake. Na kwa msomaji wa Lyon au Paris, sote tulikuwa ng'ambo. Walioishi mtaani humu karne ile walikuwa watumwa, walioachwa huru, vibarua wa bandarini, na watu waliofika kutoka kila pembe ya bara na visiwa. Miongoni mwao walikuwamo wapagazi. Msafara wa Mzungu yeyote aliyekwenda milimani, awe mpelelezi, mwanajeshi au padre, ulianza kwa kuajiri watu wa namna hiyo Unguja, Bagamoyo au Mombasa. Mzigo wa mtu mmoja ulikaribia frasila mbili. Mtumwa aliyeajiriwa upagazi alirudi na ujira ambao sehemu yake ilikuwa ya bwana wake. Karatasi za mchoraji, nazo, zilikuwa zimo katika mzigo wa mtu.

Kitabu chake cha kwanza, alichoandika pamoja na Padre Étienne Baur, kilichapwa mjini Tours mwaka 1886. Anwani yake, nikiitoa katika Kifaransa, ni "Kupita Zanguebar: safari katika Udoe, Uzigua, Ukwere, Ukami na Usagara". Mpenzi wa lugha atafurahi kuitazama katika tahajia yake ya asili, kwani Wafaransa waliandika Oudoé, Ouzigoua, Oukwèré, Oukami, Ousagara. Herufi zetu za u moja zikawa ou, lakini kiambishi cha nchi kilibaki salama mahali pake. Hilo si jambo dogo. Anwani hiyo haitaji mlima hata mmoja. Inataja nchi za watu, Wadoe, Wazigua, Wakwere, Wakami, Wasagara, kama ambavyo mpagazi angezitaja alipoulizwa kapita wapi.

Safari hiyo iliwapeleka watu wa pwani katika mandhari wasiyoizoea. Ukiiacha Bagamoyo unavuka Mto Kingani, ambao sehemu za juu huitwa Ruvu, kisha nchi inapanda polepole mpaka unapoiona Uluguru imesimama kama ukuta. Chini yake, upande wa kaskazini, ndipo ulipo mji wa Morogoro. Wakati ule jina lililovuma hapo lilikuwa Simbamwene, mji uliozungushiwa ukuta, ulioanzishwa na Kisabengo na baadaye kutawaliwa na binti yake. Stanley aliupitia mwaka 1871 na kuustaajabia ukuta wake. Vijito vinashuka kutoka mlimani vikiwa baridi na safi. Mashamba yanafuata maji. Kaskazini zaidi, katika milima ya Nguru, mapadre walikuwa na kituo cha Mhonda tangu 1877. Kwa mtu aliyekulia kwenye malisho ya Normandie, mabonde haya yenye ukungu wa asubuhi yalikuwa na kitu alichokijua na kitu asichokijua, na nadhani hapo ndipo kalamu hunoga.

Lakini padre hakuchora kwa kunogewa tu. Huko Lyon, tangu 1822, kulikuwa na chama cha kuchangia misheni, ambacho wanachama wake wengi walikuwa watu wa kawaida waliotoa sarafu ndogo moja kila wiki. Tangu 1868 kulikuwa na gazeti la kila wiki lililoitwa Les Missions catholiques, lililojaa barua za mapadre wa China, India, Afrika na visiwa vya Pasifiki, pamoja na picha. Mfumaji wa hariri wa Lyon aliyetoa sarafu yake alitaka kuona imekwenda wapi. Picha ya bonde la Uluguru ilimjibu. Ilimwonyesha nchi nzuri, na palepale ikamwonyesha kwamba kazi bado ipo. Picha za mandhari katika gazeti la namna hiyo ni ombi, na anayezisoma leo asisahau kwamba zilikuwa zikiomba.

Basi picha ilisafirije kutoka bondeni hadi gazetini? Njia kongwe ilikuwa ya mbao. Mchoro ulihamishiwa juu ya kipande cha mti mgumu sana, kilichokatwa kwa kukingama ili patasi isikutane na nyuzi za mti, kisha fundi akachimba sehemu zote ambazo zingebaki nyeupe na kuacha mistari imesimama kupokea wino. Picha kubwa iliundwa kwa vipande kadhaa vilivyofungwa pamoja kwa skrubu, na kila kipande kikapewa fundi wake, mmoja akishika mawingu na mwingine miti. Mafundi hao hawakuwahi kuuona mgomba ukiwa shambani. Ndiyo maana katika vitabu vingi vya safari vya karne ile, vya waandishi mbalimbali, utakuta mnazi umeota mahali ambapo mnazi hauoti, au jabali la Afrika limepata sura ya Alps. Njia mpya, iliyokuwa ikienea Ufaransa miaka hiyohiyo, ilitumia mwanga na asidi juu ya bamba la zinki, na ikabakisha mkwaruzo wa kalamu ya mchoraji kama ulivyo. Njia zote mbili zilitumika katika muhula huo mmoja. Kwa hiyo swali la kwanza mbele ya picha ya Le Roy si "bonde hili ni lipi?" bali "mstari huu ni wa mkono gani?" Mistari iliyonyooka sambamba kama iliyopimwa kwa rula ni ya fundi wa mbao. Mistari inayotetemeka na kukatika ni ya kalamu, na huko uko karibu zaidi na padre.

Nilipokuwa nikifundisha, niliwapa wanafunzi picha za kale zilizomo vitabuni na kuwauliza ni nani aliyezifanya. Karibu wote walijibu kwa kutaja kilichomo ndani ya picha: "Ni msafara, mwalimu." Vitabu vyenyewe viliwafunza hivyo, maana viliweka picha bila jina, bila mwaka, bila njia. Hatungekubali kufundisha utenzi namna hiyo. Shairi likitufikia tunauliza mtunzi, nakala, mnakili, lahaja. Mwanazuoni wa tenzi anajua kwamba mnakili huongeza na kupunguza. Fundi wa mbao wa Paris ni mnakili.

Nirudi kwenye zile nchi tano. Mwezi Novemba na Disemba mwaka 1884 kijana wa Kijerumani, Carl Peters, alipita haraka kutoka Saadani kwenda milimani akikusanya hati zenye alama za machifu na watu aliodai kuwa ni machifu. Tarehe 27 Februari 1885 Mfalme wa Wajerumani akatoa barua ya himaya juu ya nchi hizo: Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami. Weka orodha hiyo kando ya anwani ya kitabu cha Baur na Le Roy. Majina matatu ni yaleyale. Kitabu kilipofunguliwa na wasomaji wake wa kwanza mwaka 1886, mabonde waliyoyatazama yalikuwa yameshaandikwa katika hati ya watu wengine, kwa lugha nyingine, bila ya wenyewe kujua kilichoandikwa.

Simlaumu mchoraji kwa kosa la mwenye hati. Mfaransa hakuwa na faida katika dola ya Kijerumani, na mapadre hawa walikwisha kuzoea kuishi chini ya bendera ya Sayyid Barghash. Hata hivyo picha ya mandhari na hati ya himaya zina jambo moja linalozikutanisha, nalo ni mahali pa kusimama. Zote mbili hutazama nchi kutoka juu na kutoka mbali, nchi ikiwa imetulia na watu wake wamekuwa wadogo. Aliyepo bondeni hulioni bonde kwa namna hiyo. Yeye anaona jembe lake, mpaka wake na jirani yake.

Mwaka 1890 ndio mwaka wa safari yake kubwa. Bushiri bin Salim alikuwa amenyongwa Pangani Disemba iliyotangulia, na pwani ilikuwa bado inanuka baruti. Tarehe 1 Julai Waingereza na Wajerumani walitia saini mapatano yao, na kabla mwaka haujaisha Unguja ikawa chini ya ulinzi wa Uingereza. Katika mwaka huo wa kugawana, Askofu Raoul de Courmont, Padre Auguste Gommenginger na Le Roy waliondoka pwani kwenda Kilimanjaro, wakafika Kilema, kwa Mangi Fumba, aliyewapokea vyema. Misheni ya Kilema ilitokana na safari hiyo. Mwaka 1893 Le Roy akatoa kitabu chenye picha alizochora mwenyewe, na safari hii anwani ni jina la mlima peke yake: Au Kilima-Ndjaro.

Hiyo d ya katikati ni ya Kifaransa, kwa sababu j yao ni laini na bila ya d wasingeipata sauti yetu. Jina lenyewe limewashughulisha watu kwa muda mrefu. Krapf, katika miaka ya 1850, alipewa na watu wa pwani maana ya mlima wa ukubwa, na pia mlima wa misafara. Wachaga wenyewe hawakuwa na jina moja la mlima mzima. Walikuwa na Kibo na walikuwa na Mawenzi, vilele viwili, na chini yake walikuwa na nchi zao, kila moja na mangi wake: Kilema, Marangu, Machame, Kibosho, Moshi. Jina linaloukusanya mlima wote ni la mtu wa msafara, anayeutazama kutoka tambarare akiwa bado hajafika. Tangu anwani ya nchi tano hadi anwani ya mlima mmoja, naona mtazamaji amerudi nyuma hatua kadhaa ili kitu kizima kiingie katika karatasi.

Hakuwa wa kwanza kuuchora. Rebmann, mchungaji wa Kijerumani, aliiona theluji tarehe 11 Mei 1848, na wataalamu wa London waliokuwa hawajatoka vyumbani mwao wakamwambia hakuona. Baron von der Decken alikuja na wapimaji miaka ya 1861 na 1862. Harry Johnston, ambaye alisomea uchoraji London, alikaa mlimani mwaka 1884 akichora kwa rangi. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni Oktoba 1889, miezi michache tu kabla ya mapadre. Kwa hiyo Le Roy hakuwa na fahari ya kugundua, na nadhani hilo liliisaidia kalamu yake. Aliweza kuangalia chini. Wengine walikuja kwa ajili ya theluji. Yeye alikuwa anatafuta mahali pa kuishi watu, na anayetafuta makazi huangalia maji, udongo, njia na majirani.

Na miteremko ya Uchagani ndiyo ilikuwa jambo la ajabu kuliko theluji. Kilema iko upande wa kusini mashariki, juu ya mgongo wa ardhi uliochimbwa na makorongo marefu pande zote mbili. Maji yanapita chini kabisa ya korongo, watu wanaishi juu. Wachaga walilitatua tatizo hilo kwa mifongo, mifereji iliyoanzia juu mlimani, penye maji, ikaletwa kwa kufuata ubavu wa korongo kwa mteremko mdogo sana mpaka ikatokea juu ya mashamba. Hapakuwa na darubini ya mpimaji. Kulikuwa na jicho, uzoefu, na mkutano wa wenye mfongo uliopanga zamu za maji na adhabu ya mwizi wa maji. Chini ya mifongo kulikuwa na vihamba, migomba imesongamana, nyumba zimefichwa ndani yake. Wageni wa Ulaya waliita msitu walichokiona kutoka mbali, kumbe ni bustani iliyopandwa mti mmoja mmoja na watu.

Jambo moja lazipa picha za 1890 thamani ambayo mchoraji hakuikusudia. Ni Uchaga kabla ya kahawa. Miche ya kahawa ilipandwa katika misheni ya Kilema kabla ya karne kumalizika, na katika miaka arobaini iliyofuata zao hilo likageuza kihamba, ndoa, ushuru, siasa, hata njia za kwenda shuleni. Yeyote anayetaka kujua mteremko ule ulikuwaje migomba ilipokuwa haijapata mwenzake, atahitaji kuzitazama picha za wakati huo pamoja na maelezo yake, na Le Roy alikuwa mwandishi mwenye jicho la vitu vidogo na ucheshi mwingi.

Kwa upande wa barafu nina hadhari zaidi. Kipimo cha mwaka 1912 kiliikuta barafu ya Kilimanjaro ina ukubwa wa kilomita za mraba 12 hivi. Cha mwaka 2011 kilikuta chini ya 2. Watu hupenda kuweka picha ya kale kando ya picha mpya na kutoa hukumu. Kwa mchoro uliopita mkononi mwa fundi wa mbao, hukumu hiyo haifai. Mstari wa theluji ungeweza kushushwa ili karatasi ipendeze.

Sasa nimgeukie msomaji wa ushairi, ambaye labda anajiuliza wenyeji wa pwani walikuwa wapi katika habari hii. Walikuwapo, na waliandika, ila hawakuandika mandhari. Neno hili mandhari tumelipokea kutoka Kiarabu, na matumizi yake kwa maana ya sura ya nchi inayotazamwa kwa uzuri wake ni mapya kuliko mashairi yetu makuu. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, aliitazama Pate kwa ukali ambao mchoraji yeyote angeuonea wivu, lakini alitazama nyumba: vidaka vya ukutani, kumbi zilizohamwa. Mahali kwake ni watu waliokuwa wakikaa hapo na hawapo tena. Hakusimama juu ya kilima kuutazama mji.

Wasafiri nao walikuwa na jicho lao. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha Safari za Wasuaheli, habari zilizoandikwa na watu wa pwani wenyewe, akiwamo Selemani bin Mwenye Chande. Katika maandishi hayo mlima ni mahali pa kupanda na mzigo, bonde ni mahali penye maji au pasipo na maji, na nchi hujulikana kwa hongo yake, bei ya chakula chake, tabia ya mtawala wake. Mzungu wa wakati ule angesema maandishi hayo hayana hisia ya uzuri. Mimi naona ni kinyume. Mtu aliyebeba frasila mbili mabegani anaijua ardhi kwa goti lake, na goti halisahau. Ukiweka ukurasa wa Selemani kando ya picha ya Le Roy, wewe msomaji unapata bonde lililo kamili zaidi kuliko alilopata yeyote kati yao.

Tena kuna jambo la kiutendaji ambalo mtazamaji wa picha hulisahau. Kuchora bonde kunataka kukaa. Msafara haukai ila kambini, na kambi hupigwa penye maji, mchana jua likiwa kali au jioni kabla ya giza. Kirangozi ndiye aliyechagua njia na mnyapara ndiye aliyeamua watu wameshachoka. Basi mara nyingi mahali aliposimama mchoraji palichaguliwa na Mswahili wa pwani kwa sababu ya kiu. Katika magazeti ya misheni chini ya picha iliandikwa mahali na jina la padre aliyechora. Ningependa siku moja kuona imeandikwa pia: hapa ndipo wapagazi walipotua.

Zama zilezile zilikuwa na mapadre wengine wenye tamaa ya kukusanya. Mombasa alikuwapo W. E. Taylor wa misheni ya Kianglikana, aliyekusanya mashairi ya Muyaka bin Haji kwa msaada mkubwa wa Mwalimu Sikujua, na bila wawili hao tungekuwa na Muyaka mchache mno leo. Na katika shirika la Le Roy mwenyewe, Unguja na Bagamoyo, alikuwapo Charles Sacleux, aliyezaliwa 1856, ambaye alikusanya maneno kama wengine wanavyokusanya kombe za pwani. Sacleux alikuwa pia mtaalamu wa mimea. Mmoja alichora mti, mwenzake akauliza unaitwaje Kimvita, Kiunguja na Kingazija. Nikilazimishwa kuchagua, kama mwalimu wa lugha nitamchagua Sacleux. Lakini sioni kwa nini nilazimishwe.

Mwaka 1892 Le Roy aliteuliwa kuwa askofu wa misheni ya Gabon, upande wa pili wa bara, na hivyo kitabu cha Kilimanjaro kilitoka yeye akiwa ameshaiacha pwani yetu. Mwaka 1896 akawa mkuu wa shirika lote, kazi aliyoishika miaka thelathini, hadi 1926, akikaa Paris na kusoma barua za mapadre vijana walioko milimani. Aliandika juu ya Mbilikimo na juu ya dini za Waafrika, vitabu ambavyo leo husomwa kwa mabishano. Picha hazibishaniwi, kwa sababu hazisomwi. Alifariki mwaka 1938.

Mwaka uliofuata, 1939, kamusi kubwa ya Sacleux ya Kiswahili na Kifaransa ilianza kutoka Paris, zaidi ya kurasa elfu moja kwa jumla, mwandishi akiwa mzee aliyekwisha kuiaga pwani kwa miaka arobaini. Ndani yake mna lahaja moja baada ya nyingine, na majina ya mimea pamoja na majina yake ya kisayansi. Mwenye kutaka kujua mti uliochorwa ukingoni mwa bonde na rafiki yake waitwaje kwa Kiswahili, pa kuanzia ni hapo.